Sura Iliyotuangukia

Baba wa mwanangu, mpenzi wangu,

Huku tunaendelea. Mtoto ameota jino la pili, na mama yako anasema amefanana nawe kwa kila kitu, hata kununa. Barua hii anakuletea jirani yetu mshonaji.

Lile agano letu la kusoma Biblia sura moja kila siku, wewe huko na mimi huku, sijaliacha. Ila leo imetuangukia sura ya mtoto wa Daudi, yule aliyeugua akafa. Na wetu anafanyiwa upasuaji wa moyo Ijumaa. Niliifunga Biblia. Nikambeba mbio hadi hospitali, nikamwambia nesi afute jina letu, Mungu amekataa.

Mama yako akanifuata huko huko. "Jana si ulisoma ya yule mke wa mtu aliyeonwa na Daudi kutoka darini akioga? Mbona leo umeogea bafuni?" Nesi akacheka, mimi nikalia. "Mwanangu, hiyo ni sura iliyofuata tu. Haikuandikiwa mjukuu wangu."

Nimerudi nyumbani nikaisoma tena polepole. Nikaona kwamba mtoto alipokuwa bado hai, Daudi hakuacha kuomba. Na wetu yu hai, ananivuta kitambaa hapa nikiandika. Basi tutakwenda. Nesi alikuwa hajafuta jina.

Najua nawe umeisoma peke yako huko chumbani kwako. Ijumaa nitambeba mwenyewe hadi mlango wa upasuaji. Bado naogopa sana. Niombee mikono yangu ikubali kumwachia.

Ni mimi mkeo, mama wa mwanao.