Nguzo Mbili za Kivukoni

Jumatatu, 10 Machi 1975

Rangi ya nguzo ya pili imekauka upande mmoja tu. Nimeigeuza. Mistari imepinda kidogo, lakini mtu ataiona hata akiwa ng'ambo. Nyeupe chini, nyekundu juu. Maji yakiifunika nyeupe yote, hakuna kuvuka. Sijui sheria rahisi kuliko hiyo.

Mwenye duka mjini Korogwe aliposikia rangi ni ya nguzo za mtoni, alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee, mto wenyewe umeomba?" Nililipa nikabeba makopo yangu.

Mashamba yetu yamebaki ng'ambo, upande wa Handeni. Sisi tuko huku kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama magunia stesheni. Mwaka jana walikuja wapima na fito zao, wakaandika namba kwa rangi nyekundu kwenye miimo ya milango. Kabla mahindi hayajakauka, malori yakafika kutuhamisha. Mlango wangu ulikuwa namba 47. Ardhi tuliyopewa hapa ni changarawe. Kwa hiyo wanawake huvuka kila asubuhi kufuata mihogo yao, na mke wangu Mwanaidi yumo. Nguzo ni kwa ajili hiyo. Sina nia nyingine.

Alhamisi, 13 Machi

Zimesimama. Moja huku, moja ng'ambo. Mhina, mwenye mtumbwi, alinivusha na nguzo yangu lakini hakugusa jembe. Alikaa ukingoni akitafuna muwa.

"Mzee Nyasa, naona mto umevalishwa soksi."

Miaka ishirini na minane niko hapa. Nimeoa hapa, nimezika mtoto hapa. Bado naitwa Nyasa. Nilitoka ziwa Nyasa kijana, nikaletwa kukata mkonge, kisha nikapata kazi bandarini Tanga, kwenye chombo cha kuhudumia maboya. Tulikwangua chaza kwenye kengele zinazopigwa na mawimbi yenyewe. Tulijaza gesi kwenye taa zinazowaka usiku kucha pasipo mtu. Nilisoma kila kitabu alichonipa nahodha kuhusu vitu hivyo. Vyote vilibuniwa baada ya watu kufa. Hakuna hata kimoja kilichobuniwa kabla.

Mhina hupima maji kwa jiwe lililo katikati ya mto. Jiwe likionekana, anavuka. Maji yakiwa ya tope halionekani kabisa, basi anavuka kwa mazoea. Mvua ikinyesha Lushoto, maji huteremka kupitia Mombo na kutukuta sisi huku tumekaa juani. Nimemweleza. Akasema, "Mto huu umenilea, mzee wangu. Wewe ulilelewa na ziwa."

Nimemtengenezea Mwanaidi mkanda wa kuelea wa vibuyu vinne, midomo nimeiziba kwa nta. Ameukataa. "Baba Asha, nikivaa hivi wataniuliza togwa bei gani."

Mwanahamisi, mke wa Mhina, alikuwapo. Alicheka kuliko wote.

Ijumaa, 21 Machi

Msikitini mazungumzo yalikatika nilipoingia. Yakaendelea nilipotoka.

Maji bado chini. Nyeupe yote inaonekana. Nilikaa kivukoni asubuhi nzima nikiandika kimo cha maji. Watu walipita bila salamu. Hata vijana. Vijana wasioamkia wazee, hicho nacho ni kitu kipya kijijini kwetu.

Jumatano, 2 Aprili

Nguzo zimeng'olewa. Zote mbili. Mashimo yamefukiwa na kukanyagwa vizuri, kama kaburi.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alinisikiliza akiwa amesimama. "Mzee, nguzo hizo sikuziagiza. Kamati haikuziagiza. Sasa unataka nimkamate nani?" Nikamwambia maji yanakuja. Akasema jua linawaka.

Nina hasira ambayo sikuwa nayo hata siku ya malori. Siku ile tuliondolewa na watu wasiotujua.

Jumamosi, 5 Aprili

Mwanaidi alijua.

Nimeiona nguzo moja imenasa kwenye matete, chini ya kivuko. Haikuchukuliwa kuwa kuni. Ilitupwa mtoni nzima. Nilimwuliza nani anaweza kutupa mti mzuri namna ile. Alimaliza kuchambua mchicha kwanza.

"Fito za wapima zilikuwa na rangi gani, Baba Asha?"

Nyekundu na nyeupe. Nilikuwapo. Niliziona zikisimamishwa mbele ya mlango wangu mwenyewe. Kichwani mwangu rangi hizo ni za bahari, na bahari haijawahi kunihamisha. Kwao ni za malori.

Akanieleza kwamba wanakijiji walikutana kwa Mhina. Walisema tunahamishwa tena, safari hii mpaka mihogo ya ng'ambo itachukuliwa. Walisema mzee wa kuja anakaa kivukoni na daftari, anahesabu wanaovuka. Mhina aling'oa ya huku. Wengine wakamalizia ya ng'ambo.

"Na wewe ulisema nini?" nikamwuliza.

"Nilinyamaza."

"Uliwaamini?"

"Nilifikiri labda wapima wamekutuma na hujui unachofanyishwa."

Baadaye alisema nipake rangi nyingine, nyeusi hata, basi. Nilimkatalia. Nyekundu ni hatari kila penye maji duniani. Sitabadilisha lugha ya bahari nzima kwa sababu ya kijiji kimoja. Ndivyo nilivyosema. Nililala nimeugeukia ukuta.

Jumatano, 9 Aprili

Nguzo ya kwenye matete iko nyuma ya jiko. Siigusi. Wakitaka kuvuka kwa mazoea, wavuke.

Mwanaidi anavuka nao. Hilo silifikirii. Naandika kwamba silifikirii, na tayari nimelifikiria.

Jumatatu, 14 Aprili

Jua kali tangu alfajiri. Milima ya Lushoto nyeusi. Maji yalikuwa yamekwisha kuwa ya tope jana jioni.

Nilisikia kelele nikiwa natengeneza mpini. Nilipofika kivukoni mtumbwi ulikuwa umepinduka, unazunguka kwenye mkondo kama jani. Mhina alikuwa ameshika tawi. Wanawake wawili walivutwa kwa upondo. Mwanaidi alionekana mbali chini, kichwa juu ya maji, anakwenda na maji bila kuzama. Walimkamata kwenye matete.

Mkanda wa vibuyu ulikuwa chini ya khanga zake. Amekuwa akiuvaa tangu Jumapili ya juzi, tangu siku ya pili ya ugomvi wetu. Kwa siri, ili wasimcheke. Hata mimi sikujua.

Mwanahamisi hajapatikana.

Nitaandika na hili, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Niliposikia mtumbwi umepinduka, kabla sijafikiri nani yumo, nilifurahi. Muda wa kuvuta pumzi tu. Nilikuwa na haki na mto umesema hivyo mbele ya watu wote. Kisha nikakumbuka nani yumo.

Jumanne, 15 Aprili

Wamempata asubuhi. Tumemzika kabla ya adhuhuri. Mhina hakuniangalia. Mimi nilimwangalia muda wote.

Mwanaidi anasema alivuta kibuyu kimoja amrushie Mwanahamisi. Fundo halikufunguka. Nililifunga mimi, fundo la baharini, lisilofunguka likilowa. Nilijivunia fundo hilo.

Ijumaa, 18 Aprili

Mwenyekiti alifika kutoa pole. Akataka kujua kwa nini kivuko hakina alama yoyote ya usalama. Alisema maneno hayo hayo, "alama ya usalama". Mwanaidi alinishika mkono. Nilikwenda jikoni nikakaa mpaka alipoondoka.

Sasa ninaweza kuipaka ile nguzo rangi nyeusi. Siku kumi na tatu zilizopita nilikuwa na lugha ya bahari nzima ya kulinda. Masizi yapo. Mikono haiendi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mhina alikuja nyumbani. Alibisha hodi, akaamkia. Ni mara ya kwanza tangu Machi mtu wa kijiji hiki kuniamkia kabla sijamsalimu.

Alikuwa na mti begani. Alivuka peke yake kuufuata, kwenye magofu yetu ya ng'ambo. Nilidhani amekuja kuomba msamaha nikajiandaa kumkatalia. Hakuomba.

"Huu hawataung'oa, mzee wangu."

Ni mwimo wa mlango wangu. Mvule, niliuchonga mwenyewe mwaka nilipojenga. Upande mmoja bado una 47, rangi nyekundu haijafifia hata kidogo. Rangi nzuri, ya serikali.

"Rangi yako ilikuwa inaishia wapi?" aliuliza.

Tulikwenda. Nilisimama majini nikamwonyesha kwa kiganja mahali nyeupe ilipoishia. Alichimba yeye. Alishusha mwimo taratibu mpaka namba ikalingana na kiganja changu, kisha akashindilia mawe. Watu walikusanyika juu ya ukingo. Sikusikia aliyenong'ona.

Mhina aliwageukia. "Maji yakifika kwenye namba, sivushi mtu. Hata mama yangu afufuke aniombe."

Hakuna aliyeuliza namba hiyo maana yake nini. Kila mmoja pale alikuwa na yake. Nilikuwa natafuta alama ya hatari ambayo kijiji kizima kinaisoma bila kufundishwa, na ilikuwa mlangoni kwangu.

Ya ng'ambo ataleta kesho. Nimeuliza ni mwimo wa nani. Wa kwao, yeye na Mwanahamisi.

Jumapili, 4 Mei

Maji yalifika kwenye namba Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mtumbwi ulikaa nchi kavu. Watu walikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada na hawakunung'unika mbele yangu.

Leo yameshuka. Mwanaidi amevuka asubuhi, mkanda juu ya khanga, wazi. Nimebadilisha fundo. Linafunguka kwa kuvuta mara moja. Wanawake wengine watatu wameniomba vibuyu.

Bado wananiita Nyasa. Mhina naye.

Siandiki tena kivukoni. Naandika hapa ndani, mlango umefungwa. Mlango huu mpya hauna namba. Mwanaidi amerudi, anatua mihogo. Miguu yake imelowa mpaka magotini tu.