Vipimo vya Afande Maganga

Mpendwa kaka Selemani,

Shikamoo. Najua ungeitikia bila kuinua macho kwenye cherehani, pini mdomoni, halafu ungeniuliza nimekuletea nini. Leo sijakuletea kitu. Nimekaa na futi kamba yako shingoni, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo, nikacheka peke yangu mpaka wanangu wakachungulia mlangoni. Nikasema basi, bora nikuandikie, na mwingine akitaka asome.

Nilikuwa nakumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa Kariakoo. Cherehani yako ilikuwa barazani kwa Bwana Kanti, muuza vitambaa, jirani na Mtaa wa Kongo. Zamani Idi ikikaribia wateja walijazana kwako. Mitumba ikaja, wakahamia kwenye marobota, ukabaki unawatazama wakipita na mikono ya mashati imewafika kwenye kucha. Ukawa unasema mji mzima umevaa vipimo vya watu wengine. Sisi tulicheka, tukajua ni mizaha yako ya siku zote.

Kumbe usingizi ulikuwa umekukimbia. Siku ya nne hujalala, mchana kweupe, ukaingia barabarani na futi kamba ukaanza kupima wapita njia. Ruhusa huombi. Unamzungushia mtu kamba kiunoni kutoka nyuma, unataja namba kwa sauti, unamwendea mwingine. Kaka yangu jamani, Kariakoo, kiunoni mwa watu, hapo hapo wanapofungia hela zao. Ulitaka wafikiri nini? Mama mmoja akapiga kelele za mwizi, na weye unajua neno hilo likishasemwa pale sokoni, hakuna anayeuliza la pili.

Niliacha khanga zangu za kuuza mezani nikaja mbio, nikakukumbatia mbele ya wale watu, nawaambia huyu si mwizi, ni fundi, anaumwa. Wengine walikwishaokota mawe. Bwana Kanti akapiga simu polisi wasije wakakuua. Alifanya vizuri, lakini mimi nilipoliona gari nilikung'ang'ania zaidi. Mara ya kwanza ulipougua, askari walikufunga kamba mikono na miguu, wakakuweka mahabusu siku tatu. Ulirudi na vidonda, na kwa miezi miwili hukushika mkasi wala hukusema na mtu. Nilijua wakikufunga tena, fundi Selemani hatarudi. Niliiogopa ile kamba kuliko mawe.

Akashuka Afande Maganga. Mnene, taratibu, jasho linamtiririka. Mwenzake akatoa pingu, yeye akamzuia kwa mkono. Akakuuliza jina. Hebu fikiria, mara ya kwanza hakuna aliyekuuliza jina. Ukamtajia lako, la baba na la babu. Akauliza kama wewe ni Mzaramo, ukamjibu, wa Kisarawe kabisa.

"Basi huyu mtani wangu," akawatangazia watu. "Mimi Mnyamwezi. Nyie Wazaramo mnauza minazi ya babu zenu mpate kucheza ngoma. Leo minazi imekwisha, ndiyo unapima watu?"

Nikasubiri upandwe na hasira. Lakini utani tumelelewa nao, kaka. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kununa, unamrudishia tu. Na weye, pamoja na kuumwa kwako, hukulisahau hilo. Ukamtazama kuanzia viatu hadi kofia, ukamwambia hiyo sare kaishona adui yake, atulie apimwe. Naye, wallahi, akavua kofia akanikabidhi mimi, akainua mikono juu katikati ya barabara kama yeye ndiye aliyekamatwa.

Ukampima afande wa watu. Mabega, mkono, kifua. Ulipofika tumboni ulirudia mara mbili, halafu ukatangaza kwa sauti ya mnadani, "Arobaini na sita. Hii yote michembe."

Jamani, michembe! Viazi vikavu vya kwao, na mwenye tumbo yuko pale na bunduki garini. Watu wakavunjika mbavu. Yule mama aliyekuitia mwizi ndiye aliyecheka kuliko wote, na mawe nikayaona yanadondoka mikononi mwa wenyewe. Afande akakujibu kwamba afadhali michembe kuliko kushinda njaa ukipiga ngoma. Kisha akakusogelea, akakwambia kwa upole kuwa fundi asiyelala siku nne atamharibia kitambaa, twende kwanza hospitali ukapate usingizi, ukirudi umshonee. Ukafikiri kidogo. Ukakunja futi kamba ukaitia mfukoni, ukapanda mbele, katikati yake na dereva. Kamba hakuna, pingu hakuna. Mimi nilipanda nyuma na kofia yake, nikasahau kuirudisha mpaka tulipofika wodini.

Ulirudi baada ya wiki sita, ukakata shati la kitenge bila kuuliza namba hata moja. Nikakushauri tumwite apimwe upya, maana vipimo vyenyewe vya siku ile, mh. Ukanitazama vibaya. Afande akaja, akalivaa, likamkaa sawasawa hadi kifungo cha mwisho. Fujo yote ile kichwani mwako, na vipimo vyake vilikaa salama mahali pake. Nilifurahi nikalia, na weye ukaniambia nisikulowanishie kitambaa.

Uliugua tena, na kila mara mama alimtuma mtu kwa Afande Maganga. Mnatukanana, mnapanda gari. Najua si kila askari atakuwa mtani. Juzi kituo cha polisi Msimbazi nimemkuta mgonjwa kama weye amefungwa, nikawauliza askari anaitwa nani. Hawajui. Nikachuchumaa nikamuuliza mwenyewe, akasema Daudi. Wakaanza kumwita Daudi, na haikupita dakika nyingi mmoja akailegeza kamba. Nilirudi nyumbani natembea kama nimeshinda bahati nasibu.

Sasa nikwambie ambacho hukukiona. Siku ya msiba wako, Afande, mstaafu sasa, alikuja na shati lako, vifungo vya tumboni havifungi tena. Wazee walikuwa wanataka kukata sanda. Akasema hiyo ni kazi ya mtani, akaomba futi kamba yako. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, tukamsikia.

"Tulia, Mzaramo. Ulinipima barabarani mbele ya watu, nikatulia. Leo zamu yangu."

Mama, ambaye tangu alfajiri hajatia hata maji mdomoni, akacheka. Akacheka, kaka, na sote tukacheka naye huku machozi yanatutoka. Wazee walisema ile bafta ya sanda haikupungua wala kuzidi hata kidole.

Lala, fundi wangu. Umevaa kipimo chako mwenyewe.

Mdogo wako,
mshika kofia