Kurasa Alizovuta Bartholomeo

Shinyanga,
22 Julai, 1984

Mdogo wangu Athanas,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa ni wazima. Shemeji yako alilazwa na malaria mwezi uliopita, lakini sasa anakwenda sokoni mwenyewe na kugombana na wauza dagaa kama kawaida yake. Watoto wako shuleni. Kiangazi ni kikali na mji mzima ni vumbi. Ninyi huko Dar es Salaam mnaendeleaje? Mkeo hajambo? Tunawaombea.

Uliniomba nikienda nyumbani niulize watu wanakionaje kitabu chako, kwa kuwa mchapishaji anataka kujua kabla ya kukipiga chapa mara ya pili. Nimekwenda, nimekaa Ushirombo wiki mbili, nimeuliza. Nitakueleza kwa utaratibu, na ninakuomba usome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Kwanza, kitabu kinasomwa. Ile nakala uliyompelekea baba ilichukuliwa na Klara, yule binti wa jirani aliyemaliza darasa la saba, naye amekuwa akiwasomea akina mama wakati wa kuchambua tumbaku. Wanakifahamu kuliko mimi. Mmoja aliniambia kwamba mama wa kitabuni ni mvumilivu kupita kiasi. Angekuwa yeye, yule mume angerudi kilabuni akute mlango umefungwa na mboga wamekula mbwa. Mwingine alitaka kujua nani alikuwa akichunga mbuzi wakati wote ule ambao mtoto anakaa kuwaza. Alisema ameshika hesabu, na kwa mawazo yale mbuzi wote wangekuwa wameshaliwa na fisi. Klara mwenyewe alilia yule dada mdogo wa kitabuni alipokufa. Anashauri kijana wa kitabuni aoe binti wa mwalimu.

Baba amesomewa mara mbili. Anakana kwamba yule mlevi ni yeye, na ushahidi wake ni baiskeli: wa kitabuni anapanda Phoenix, na yeye hajawahi kupanda isipokuwa Raleigh. Kilabuni wanamwita Mzee wa Kitabuni. Sikuona kwamba anachukia.

Lakini hakuna hata mmoja aliyenizungumzia kitabu chako kama hadithi. Wanasema, pale aliposema hivi ni kweli, pale amekosea kidogo, pale amewasitiri watu.

Sasa niseme juu ya sura ya nne. Umeiandika mwenyewe, ila nairudia ili tuelewane. Mtoto anarudi kutoka machungani mchana, watu wote wako shamba, anamkuta shangazi yake nyuma ya ghala anafukia kitu kilichoviringishwa kanga. Wiki hiyohiyo dada yake anaugua na kufa. Mtoto anaunganisha mambo hayo mawili, na anamwogopa shangazi mpaka anakuwa kijana. Katika sura ya mwisho anachimba pale na kukuta kibuyu cha mbegu za mtama, zilizofichwa ili baba asizinywee pombe. Niliposoma nilikubali kwamba ni mwisho mzuri.

Kijijini mwisho huo haupo. Mzee Bartholomeo, babu yake Klara, alizitumia kurasa za mwisho kusokotea tumbaku yake kabla Klara hajazifikia. Nilimuuliza kwa nini alianzia nyuma. Alinijibu kwamba yeye si mtu asiye na adabu. Alianzia nyuma kwa sababu mbele ndiko kwenye maneno. Aliisifu karatasi kwamba ni laini na haikwaruzi koo.

Kwa hiyo wanachokijua wao kinaishia pale kijana anapoondoka nyumbani akiwa bado anaamini kwamba shangazi yake ni mchawi.

Masika haya surua iliua watoto watatu upande wetu wa kijiji. Januari, mkuu wa walinzi wa jadi, aliitisha mkutano. Klara aliamriwa asome sura ya nne mbele ya watu. Januari aliuliza kama kuna mtu anayedhani kwamba mtoto wa kulelewa na shangazi yetu Paskazia, aliyesomeshwa mpaka chuo kikuu, anaweza kumsingizia mlezi wake, na kama huko Dar es Salaam mashine zinapiga chapa uongo. Shangazi alitengwa siku hiyo. Haruhusiwi kupewa moto, kuuziwa chumvi, kuchota maji kisimani wala kusalimiwa, na atakayemsalimu analipa mbuzi. Watu waliinua mikono. Baba hakuinua wake. Alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili akitazama chini. Ni dada yake wa tumbo moja. Siku hizi chakula cha baba kinapikwa kwa Klara, na anapita uani kwake na kwa shangazi kama mtu anayepita uwanja wa watu wengine.

Mimi nilimkuta shangazi anatoka kuchota maji kwenye lambo la ng'ombe. Aliponiona alivuka upande wa pili wa njia ili nisilazimike kumwamkia. Nilimfuata nikamwambia shikamoo. Aliitikia marahaba kwa sauti ya chini, akanikumbusha kwamba sina mbuzi.

Nilikuwa na nakala yangu, nzima. Niliomba mkutano na nikapewa. Nilisoma sura ya mwisho yote kwa sauti. Walisikiliza vizuri, na wengine walifuta machozi nilipofika kwenye kile kibuyu. Kisha Januari aliomba vitabu vyote viwili, akaviweka pamoja juu ya meza. Cha kwao kimekuwa cha rangi ya ugoro. Changu ni cheupe. Aliuliza nilikipata wapi. Nilisema mjini. Aliuliza katika ukoo wetu nani anafanya kazi kwenye mambo ya kupiga chapa magazeti. Nilisema ni mimi. Hakukasirika. Alisema angekuwa yeye, naye angemtengenezea shangazi yake kurasa kama hizo, tena asingesahau kuzipaka moshi kidogo. Watu walicheka, na mimi nikajua nimeshindwa. Bartholomeo alisimamishwa kama shahidi wa kurasa zilizopotea. Alisema yeye hajui kusoma, lakini kwa kadiri anavyokumbuka hazikuwa na mtama.

Nilijaribu njia nyingine. Nilisema mwandishi wa riwaya hubuni. Januari akaniuliza kama ulibuni shangazi. Nilisema hapana. Ghala? Hapana. Kifo cha mdogo wetu Salvina? Nilisema hapana. Akasema basi, akafunga mkutano.

Nilikwenda hadi wilayani. Nilijibiwa kwa adabu kwamba shangazi hajapigwa wala hajaibiwa, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumsalimu jirani yake. Hilo ni kweli. Nimeandika habari za watu wengi waliofikwa na mambo kama haya, na kila mara niliweka nukta na kwenda kupanda basi. Safari hii sikujua niiweke wapi.

Jumapili baada ya misa ya kwanza shangazi aliniomba nimsomee kitabu chote. Tulikaa uani. Nilipomaliza sura ya nne aliniambia nifunge. Alisema uliona sawasawa.

Athanas, hakukuwa na mbegu. Mwaka ule baba alikuwa Geita akichimba dhahabu, na masika mawili yalikuwa yamepita bila kurudi. Mimi nilikuwa seminari, wewe ulikuwa na miaka minane. Mama alikuwa na mimba. Mtoto alikuja kabla ya wakati, hakupumua. Mama alimwangukia wifi yake miguuni, na shangazi akamviringisha mtoto kwa kanga yake mwenyewe akamfukia nyuma ya ghala, mchana, kwa sababu mchana ndipo watu wanapokuwa shamba. Salvina aliugua homa yake tu, kama watoto wengine walivyougua mwaka ule. Baba alirudi mwezi uliofuata. Hajui mpaka leo. Sikumuuliza shangazi mwanamume alikuwa nani.

Nilimshauri amweleze Januari faraghani. Aliniuliza kama atamweleza na baba pia, na kama mama atafufuka kwenye makaburi ya misheni aje ajitetee. Alisema pia kwamba hata akisema, watasema mchawi sasa anawasingizia wafu. Ameniruhusu nikwambie wewe peke yako, kwa kuwa ni haki yako kujua ulichokiona.

Nilimwomba aje akae kwetu Shinyanga. Alikataa. Wamemwita mganga kutoka upande wa Geita aje achimbe pale nyuma ya ghala, baada ya malipo ya tumbaku. Yeye anaamini kwamba akiwa yupo hakuna atakayethubutu kutia jembe kwanza, na akiondoka watachimba siku hiyohiyo. Sijui kama baada ya miaka yote hii kuna kitu cha kuonekana. Yeye ana hakika kipo. Asubuhi anahamishia kigoda chake pale, anakaa anapukuchua mahindi.

Kwa kuwa ndiyo kazi uliyonituma, nilimuuliza naye anakionaje kitabu. Alisema umeandika vizuri, na ghala umelieleza kama lilivyokuwa. Kosa aliloliona ni moja: mama wa kitabuni hacheki. Alisema mama yetu alikuwa anacheka mpaka anaweka mchi chini.

Usije. Ukija utaulizwa mbele ya watu kama uliona au hukuona, nami sijui utajibu nini. Usiandike gazetini; kila utakachoandika kitasomwa, na unaona jinsi kinavyosomwa. Kuhusu kupigwa chapa tena, sina ushauri. Mwambie mchapishaji kwamba kitabu kimependwa. Si uongo.

Mimi nitarudi huko kabla malipo ya tumbaku hayajatoka. Sijui nitafanya nini. Nadhani nitakaa naye pale nyuma ya ghala.

Shemeji yako na watoto wanakusalimuni wote. Salamu za kijijini ningekuletea nyingi, lakini walipojua kwamba ninalala kwa shangazi hakuna aliyenipa, hata baba. Ninazo moja tu. Shangazi Paskazia anakusalimu, na amesema niliandike hilo kwa maandishi makubwa, usije ukadhani amekukasirikia.

Ni mimi kaka yako,
Telesphori