Mkasi Ulioniagiza

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Hata huko uliko ungenikunjia uso.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua mlangoni mwa stoo yangu hapa Sofu. Ndani kuna beseni la maranda, na kwenye hayo maranda tetea wako mweusi amelalia mayai tisa. Leo ni siku ya ishirini na moja. Tangu alfajiri nimeinuka mara sijui ngapi kumchungulia, na kila mara ananitazama kwa jicho moja kama jirani aliyechoka kuazimwa chumvi. Chai yangu imepoa. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi, nimefagia uwanja mara mbili. Nikaona bora nikuandikie, angalau mikono ipate kazi.

Mayai haya ni ya mwisho ya Afisa. Ndiyo, Shangazi, Afisa naye hatunaye. Tetea alikuwa na siku kumi tu juu ya mayai, Mzee Pazi, jirani yako, akanipigia simu kutoka huko kwako Chole. Alianza kwa salamu ndefu, nikajua kuna jambo. Kisha akasema, "Mwanangu, Afisa amestaafu." Alimkuta asubuhi pembeni mwa chombo cha maji, amelala kwa heshima zake. Nilikuwa ofisini. Nilikwenda chooni nikalia, nikatoka nikamwambia mwenzangu nina mafua, maana ningeanzia wapi kumweleza kwamba namlilia jogoo?

Naye hakuwa jogoo wa kawaida. Nakumbuka wageni waliokuja kwako wakamwona anazunguka uani kifua mbele, nyuma hana hata unyoya mmoja wa mkia, kama mtu aliyetumwa kukagua vyoo vya kijiji. Wote waliuliza nani amemkata. "Amezaliwa hivyo, na baba yake, na babu yake," ulikuwa ukiwajibu. "Ndiye kibutu huyo. Kwani wewe mkia ungekuwa nao ungekufikisha wapi?" Walicheka, na kabla hawajamaliza kucheka ulikuwa umeshawaandikisha kwenye kikundi.

Mbegu ya Kwetu. Nyumba saba za Chole na Gwata, kila nyumba na kuku wake wa asili. Mzee Pazi kuchi zake zenye miguu mirefu, Mama Neema kule Gwata kishingo wasio na manyoya shingoni, wewe vibutu. Aliyepewa vifaranga anawakuza, kisha anapeleka jozi kwa nyumba nyingine, ili maradhi yakipiga kwake mbegu iwe imelala kwa mwenzake. Ulikuwa mpango mzuri, ila vibutu wako watu waliwaona wabaya. Uligawa kama wenzako wote, na wao wakawatanguliza sufuriani.

Mimi nami sikuwa bora kuwashinda. Siku ile nilipopata mshahara wangu wa kwanza nikaja na mkate wa siagi na maneno mengi, nilikuambia, "Shangazi, watu wanafuga broila wanajenga nyumba, wewe unafuga vilema." Ulinipakulia wali, ukasogeza kigoda chako, ukakaa mbali kidogo. Neno lile limekuwa likinikaba tangu ulipoondoka, na kuliomba radhi kwa barua ni kuchelewa sana. Nisamehe hivyo hivyo.

Subiri. Nasikia kitu.

Hapana, ni tetea tu anajigeuza.

Nilikuwa nasema nini? Kideri. Kile kideri kilichopita Chole chanjo ikiwa bado njiani, kikakufagilia banda zima, akabaki Afisa na matetea wachache wenye mikia yao ya kawaida. Ulinipigia simu wiki ile ile. Nilidhani utalia, kumbe una haraka. "Ukija Jumamosi niletee mkasi. Huu wangu haukati tena."

"Mkasi wa nini, Shangazi? Umeanza kushona?"

"Wewe njoo nao. Na uje mwenyewe, nataka mtu wa kushika."

Nikasema inshallah, ile inshallah yetu ya kumaliza simu. Jumamosi hiyo kulikuwa na sendofu ya mwenzangu wa kazini. Jumamosi iliyofuata mvua, nami nikajiambia barabara ya kwenu itakuwa tope. Ya tatu nilikuja. Nilikuja kukuzika, na mkononi sikuwa na mkasi.

Baada ya arobaini wanakikundi walinikabidhi nafasi yako. Sijui walifikiri nini. Labda walifikiri ukoo unarithisha akili. Afisa nilimwacha palepale uani kwako, Mzee Pazi akimlisha, nami nikija kila Jumamosi, safari hii bila kukosa. Matetea wakataga. Nikamwekea mmoja mayai, akalalia siku zake zote, yakatoka viza. Nikaweka mengine. Viza. Nikambadilishia Afisa chakula, nikamnunulia vitamini, nikamhamisha banda, nikabadilisha matetea. Viza tupu. Mama Neema alisema jogoo ana msiba. Mzee Pazi alisema ni uzee. Mimi nilisema ni mkosi wangu, nao hawakunibishia.

Mwezi uliopita tulikaa kikao barazani kwako. Mama Neema aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Dada, sisi tunakupenda. Lakini nafasi ya vibutu imekaa wazi mno. Tulete vifaranga wa chotara, wanakua haraka, watu wapate moyo." Nikamwomba aniache nimwekee tetea mayai mara moja tu zaidi. Akamtazama Mzee Pazi, Mzee Pazi akatazama miguu yake. Wakakubali. Mara moja zaidi. Yakikataa, vibutu wa Chole basi.

Nilirudi Sofu sikai, silali vizuri, nauli nikampa konda mara mbili. Na hapo kwenye vibanda vyetu, nikielekea dukani, nikakuta vijana wamejaa kwa kinyozi. Katikati yao kuna mmoja amefungwa kitambaa shingoni, ananyolewa ndevu, na wenzake wanamtania. "Mnyoe vizuri, fundi! Bwana harusi huyo, asije akakataliwa mlangoni!"

Nikasimama palepale na mfuko wangu.

Bwana harusi lazima anyolewe. Hayo yalikuwa maneno yako, Shangazi. Nilikuwa na miaka minane au tisa, nimekuja kwako likizo, kazi yangu ilikuwa kushika kuku. Unampindua jogoo kibutu mapajani mwangu, unampunguza manyoya ya nyuma kwa mkasi, taratibu, mpaka ngozi inaonekana. Kisha matetea nao, mmoja mmoja. Nikakuuliza kwa nini, ukasema, "Bwana harusi lazima anyolewe, na bibi harusi pia." Nikacheka mpaka kuku akaniponyoka. Miaka yote nimehadithia watu kwamba Shangazi yangu ana saluni ya kuku. Kumbe kibutu hana mkia wa kumsaidia kuyatenga yale manyoya, yanaziba njia, mbegu haifiki. Mzee Pazi asingejua, kuchi wake wana mikia. Wewe tu ndiye uliyejua, na mtu pekee uliyemwonyesha alikuwa anacheka.

Ulitaka mkasi kwa ajili hiyo. Ulikuwa unataka kuanza upya baada ya kideri, na ulikuwa unanisubiri mimi.

Nilinunua mkasi jioni hiyo hiyo. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikasema nina mgonjwa, nikaenda Chole. Mzee Pazi alimshika Afisa, mimi nikanyoa. Mzee akatutazama wote wawili akasema, "Shangazi yako Zena alinificha siri hii miaka yote? Mwanamke yule!" Tukacheka, kisha tukawanyoa matetea nao, mmoja mmoja. Wiki mbili baadaye nilibeba mayai tisa na tetea kuja huku kwangu, maana kicheche anazunguka mabandani kule akiiba kuku na sikutaka kumwachia mtu lawama. Siku ya saba niliyamulika kwa tochi ya simu stoo ikiwa giza. Ndani ya saba kati yake kulikuwa na mishipa myekundu. Nilimkumbatia tetea, akanidonoa.

Shangazi, wametoka!

Nimeacha kalamu nikakimbia. Sasa adhuhuri imepita. Watatu wako nje, wamelowa, wanalia. Unakumbuka ulivyonifundisha kupapasa: mwisho wa mgongo, mwenye mkia ana kinundu kidogo, kibutu hana kitu, kidole kinateleza tu. Nimempapasa wa kwanza. Kinundu. Wa pili, kinundu. Wa tatu nimempapasa macho nimefumba, kinundu. Nikampigia Mzee Pazi. Akaniambia, "Tulia. Usiwapasulie ganda, waache watoke wenyewe." Rahisi kusema, yeye yuko Chole.

Wa nne ametoka sasa hivi, baada ya mimi kuzunguka uwanja huu mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza funguo. Ni mweusi, ana doa la manjano kifuani. Nimemweka kiganjani, nikapitisha kidole mgongoni mpaka mwisho.

Kikateleza.

Nikarudia. Kikateleza tena. Nimekaa chini sakafuni stoo, nimelia bila kwenda kujificha chooni safari hii, na tetea kanipigia kelele nimrudishie mtoto wake. Nimemrudishia. Anatembea vibaya bado, anaanguka, anainuka, na kifua, wallahi, tayari amekitanguliza mbele.

Mayai mengine mawili yana ufa. Mzee Pazi bado hajui, Mama Neema bado hajui. Simu iko hapa pembeni na sijaigusa. Nimetaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa. Mkasi nimeutundika kwenye msumari humu stoo, ninapouona kila nikiinua macho. Akikomaa huyu nitamnyoa mwenyewe. Ila nitahitaji mtu wa kushika, Shangazi, na nitamtafuta mtoto wa miaka minane au tisa, nami nikiulizwa kwa nini, nitamweleza mpaka aelewe.

Lala salama. Nainuka tena, kuna mwingine analia ndani ya ganda.

Mtoto wa kaka yako,
mshika kuku wako