Nilimwambia Mwanangu Nimesikia Mvua Tu

Mpendwa Bi Mejumaa,

Baada ya salamu nakuomba unisaidie upesi, kwa sababu siku niliyopewa haiko mbali nami sina mtu wa kumwuliza, maana mtaa wetu hapa Mji wa Kale umefungwa kamba na watu wa afya tangu kipindupindu kilipozidi kwa mvua hizi za El-Nino, hatoki mtu wala haingii ila mwenye ruhusa, na hata pasingekuwa na kamba mimi nisingetoka, kwani niko katika eda ya marehemu mume wangu aliyefariki kabla ya ugonjwa huu kuingia, sionani na mwanamume asiye maharimu yangu, kwa hivyo naweza kusema mimi nilitangulia kufungiwa kisha mji mzima ukatiwa eda pamoja nami.

Nyumba yangu ni ya ghorofa, mimi nakaa chini na juu anakaa mwanangu wa pekee, nimwite Faraj, maana majina yote nimeyageuza, pamoja na mkewe Shifa na binti yao Mwanaesha ambaye ndiye aliyenifuta machozi babu yake alipofariki. Faraj anauza leso katika duka la watu pale Biashara Street, na duka lilipofungwa akawa kutwa yumo ndani, na mwanamume asiyezoea kukaa ndani unamjua, Bi Mejumaa, kikombe kikisogezwa anataka kujua kimesogezwa na nani, na Shifa naye si mtu wa kumezea, basi ikawa asubuhi neno, jioni neno.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri, mvua inanyesha, mimi nimeketi karibu na ngazi napeta mchele, nikasikia wanagombana huko juu kwa ajili ya mtungi wa maji ya kisima ambayo Faraj alitaka kunywa bila kuchemshwa na Shifa akayamwaga. Nilimsikia Shifa akisema, "Maji hayajachemka haya, wataka kutuua?" Na Faraj akasema, "Nyumba ni ya babangu, na wewe ndiwe wa kunipimia maji?" Wakarushiana maneno, kisha Faraj akatoka mpaka kichwani mwa ngazi, na kwa sauti ya kutosha akasema, "Shifa binti Khubaib, nimekuwata, na hii ndiyo ya tatu!"

Bi Mejumaa, ungo ulinitoka mikononi. Talaka mbili za mwanzo zinajulikana, alizitoa miaka ya nyuma akamrejea, wazee walikaa na mambo yakaisha, lakini ya tatu wajua mwenyewe kwamba haina marejeo hivi hivi. Mara Faraj akashuka, uso umempauka, akanitazama pale chini mchele umetapakaa, akaniuliza, "Mama, umesikia kitu?" Nami nilimtazama mwanangu, nikasema, "Nimesikia mvua tu." Akanibusu mkono. Tangu siku ile neno hilo ndilo ngao yake, kila akiulizwa anasema hakutamka kitu, na mamake alikuwako wala hakusikia.

Shifa alishuka na mto wake na mtoto, akaja kulala kwangu, wenye eda wawili kitanda kimoja, mimi ya kufiwa yeye ya kuachwa, na kwao Malindi hawezi kwenda kwa sababu ya kamba. Hajaniuliza hata mara moja kama nilisikia. Ananipikia, ananichemshia maji, ananikanda miguu, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kama angenitukana. Mjomba wake wa Bondeni akaja kusimama nje ya kamba, wakasemezana, naye akalipeleka shauri kwa kadhi, na alipoulizwa ni nani alikuwamo nyumbani siku hiyo, akanitaja mimi.

Mimi nilidhani mahakama nayo imefungwa kama skuli na maduka na harusi, nikajua shauri litalala mpaka Mungu atuondolee balaa. Kumbe sivyo. Akaja tarishi, kijana mpole, Kahindi, akasimama mbali na mlango, nami nikasema naye kutoka nyuma ya pazia.

"Sabalkheri Mama. Natoka kwa kadhi."

"Kwani huko hakujafungwa?"

"Hakufungwi, Mama. Kesi za mashamba na za nyumba zimewekwa kando, zangoja ugonjwa uishe. Za ndoa na za watoto zasikizwa vivi hivi. Kadhi anakaa uani, watu wananawa mikono kwa dawa langoni, wanaitwa mmoja mmoja. Na asiyeweza kutoka, kama wewe uliye edani, kadhi mwenyewe yuwaja na karani wake. Utakaa papo hapo kwenye pazia, useme ulilolisikia." Kisha akanitajia siku, akaongeza, "Ila nyumba yenye mgonjwa hatufiki. Mlango ukiwa na alama ya chokaa twapita, mpaka watu wa afya waseme pamesafika."

Faraj alikuwa juu ngazini, na kabla ya alasiri nikakuta kindoo cha chokaa nyuma ya mlango. Akaniambia, "Mama, ni alama tu. Hutasema uwongo, wala hutasema kitu. Wakiiona watapita zao, na mpaka ugonjwa uishe mimi na Shifa tushapatana." Nikamwambia Faraj kwamba kadhi atakuja siku nyingine. Akasema, "Na akija? Mahakama ya kizingitini ni mahakama hiyo? Tena wewe ni mwanamke mmoja, neno lako peke yake halisimami. Mama, nilikuwa na hasira. Ukisema, nyumba yangu umeivunja kwa mkono wako." Akalia, Bi Mejumaa, mtu mzima na ndevu zake. Si mtu mbaya mwanangu, hajamwinulia mkewe mkono, ni huo ulimi tu.

Sasa naomba msaada. Nikisema kweli, kamba ikifunguliwa Shifa atakwenda Malindi na Mwanaesha wangu, na Faraj atanihama, nami nitabaki na kuta. Nikinyamaza, nimewarudisha watu chumba kimoja katika haramu, juu ya kichwa changu, nami ndiye ninayejua. Na kuna aibu pia, kadhi mzima kuja mlangoni katika kichochoro ambacho madirisha yanatazamana, hata ukipiga chafya jirani anakujibu. Niseme, au ninyamaze, au niiache chokaa ipakwe ili nisiseme kweli wala uwongo?

Mimi mwenye eda,
Mji wa Kale, Mombasa.

*

Mwenye Eda, pole kwa kufiwa, na pole kwa kumzaa mmoja. Mwenye mmoja hana wa kumfanyia mzaha. Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote kwa sababu siku yako imekaribia. Pole zangu zimekwisha hapo, sasa nisikize.

Tuanze na hicho kindoo. Leo hii, ukimaliza kusoma, mwambie mwenye kukileta akakimwage chooni, maana chooni ndiko chokaa inakotakiwa siku hizi. Unadhani alama ile haisemi kitu? Inasema kuliko mdomo. Wataiona watu wa afya, waje na machela yao wamtafute mgonjwa, na wakimkosa watamchukua anayekohoa, na anayekohoa katika nyumba zenye watoto kwa kawaida ni mtoto. Mwanaesha mzima akalazwe penye wagonjwa ili babake asiulizwe swali? Na jirani mwenye mgonjwa wa kweli angojee zamu nyuma ya mgonjwa wenu wa kupaka? Faraj amekwambia hutasema uwongo. Uwongo ule ataupaka yeye, lakini mlango ni wako.

Halafu hili la mahakama ya kizingitini. Mwanao anauza leso. Hivi leso ikiuzwa dirishani si leso? Mahakama si paa wala viti virefu, ni kadhi, ni pande mbili, na ni kweli inayosemwa mbele yao. Nimefurahi kusikia kwamba mashamba yamewekwa kando na ndoa hazikuwekwa. Shamba likingoja mwaka litakuwa pale pale. Lakini mke na mume waliofungiwa nyumba moja na neno kama lile kati yao, kila siku inayopita ni dhambi au ni dhuluma, na mlango umefungwa kwa amri. Siku ambazo watu hawawezi kutoka ndizo siku wanazohitaji zaidi mtu wa kuwajia. Kadhi anaivuka kamba ya ugonjwa kwa ajili ya mkwe wako, na wewe wataka kumrudisha kwa brashi?

Wala usitishwe kwa kuwa mwanamke mmoja. Sheria ya mahakama ya kadhi katika nchi hii inataka kila shahidi asikizwe, mwanamume kwa mwanamke, na kadhi apime uzito wa neno, asihesabu midomo. Faraj angeamini kweli kwamba neno lako halisimami, asingeleta chokaa.

Sasa nije palipo na kidonda, maana naona umeanza kukuna pasipokuwasha. Umejitwika mzigo usio wako. Wajiuliza, nikisema nitaivunja nyumba. Hasira ile ilikuwa hasira ya namna gani, talaka imepita au haikupita, mtoto akae wapi, hayo yote si yako. Mimi pia si kadhi na sitakutolea fatwa gazetini. Faraj ana haki ya kusema, "Nilikuwa na hasira hata sikujijua," na kadhi atamwuliza na kumpima. Lakini hawezi kusema alikuwa na hasira wakati huo huo akisema hakutamka kitu. Achague moja. Na kwa nini mpaka leo hajachagua? Kwa sababu wewe ulimpa pahali pa kujificha. Wewe unaulizwa neno moja tu, ulisikia nini. Ukilijibu hilo, umemaliza kazi yako, na utaona mabega yanavyopata nafuu.

Ulimdanganya kwa mapenzi, najua. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe umeshaanza kulia. Umemnusuru na aibu ya siku moja ukamtia katika ya umri mzima, kwani yeye naye anajua alichosema. Mtu akijua na mamake akijua, na wote wawili wakakaa mezani kusema habari ya mvua, hiyo si nyumba tena.

Basi fanya hivi. Kabla ya Kahindi kubisha, mwite Faraj, mkalishe, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulisikia, na kwamba utasema. Asije akalisikia kwa mara ya kwanza kutoka nyuma ya pazia, hiyo itakuwa hiana. Mwambie aende mbele ya kadhi na kweli yake mwenyewe, hasira na yote, kabla hujaitwa wewe. Huenda akakasirika. Huenda akakununia miezi. Sitakudanganya kwamba kesho atakubusu mkono.

Kuhusu aibu, nyumba za Mji wa Kale zina madaka, hivyo vyumba vya mlangoni, na wazee waliyajenga kwa shughuli kama hizi. Mwambie Kahindi kadhi na karani waingie dakani, mlango wa nje urudishwe, wewe ukae nyuma ya pazia la ndani. Eda inakuzuia kujipamba na kutembea, haikuzuii kushuhudia. Majirani wakichungulia, na wachungulie. Wao walizisikia mbili za mwanzo, ya tatu unadhani iliwapita?

Na siku hiyo hiyo, ukimaliza ushahidi, usinyamaze. Mwombe kadhi aweke siku za kumwona mjukuu wako, Shifa akienda Malindi. Mwombe Shifa pia, tena mwombe yeye kwanza, usiku huu mkiwa kitandani. Mwanamke aliyekukanda miguu huku akijua umemficha hatakunyima mtoto. Naye anajua, Bibi. Mtu aliyeachwa ngazini anajua vizuri nani alikuwa chini ya ngazi. Alichokuwa akingoja ni wewe uanze.

Utasema nitaanzaje, nami nilishatamka kwamba nilisikia mvua. Anza hapo hapo. Sema, "Mvua ilikuwako, lakini nilisikia na jingine." Ilimwita nani mvua ile? Ilisema Shifa binti Khubaib. Mvua haimwiti mtu kwa jina la babake.

Bi Mejumaa