Mgeni wa Ujerumani Kwenye Ukurasa wa Selemani

Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Amani iwe juu yako na wote wa hapo Naipingo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukiinama kwenye ufuta? Mimi mwili ni mzima, na kazi ya kiwanda cha barafu inaendelea, ila kichwa kimevurugika. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Simu yako ikiwekwa spika nyumba nzima inasikia, na haya nataka uyasikie wewe na dada Somoe tu, akusomee taratibu.

Ile kompyuta yangu ya mitumba unaijua, betri imekufa, ukiichomoa kwenye umeme inazima hapo hapo. Wenzangu wakitoka kazini wanaangalia mpira, mimi najifundisha kutengeneza tovuti kwa programu za bure. Uliwahi kuniuliza, "Sasa ukizima, hiyo tovuti yako inabaki wapi?" Nikakwambia inakaa kwenye kompyuta kubwa ya watu wa nje, haizimwi. Nchi gani, sijui mpaka leo.

Humo ndimo nilimomwekea kaka Selemani ukurasa wake. Niliweka picha ile moja aliyopiga kabla hajaenda kuchimba dhahabu Namungo, nikaandika kwamba aliondoka huko na wenzake, na hatukumsikia tena, na kwamba mimi, mdogo wake wa mwisho, namtafuta ingawa sura yake siikumbuki.

Basi nikaona kwenye hesabu ya wageni kuwa kuna mtu Ujerumani anaufungua ukurasa ule kila siku, ule tu. Nikakupigia hapo hapo. Ukasema, "Ujerumani! Amefikaje huko, na baridi ile, hana hata koti?" Baadaye Somoe akaniambia umeshafagia chumba cha kaka, na habari umezifikisha mpaka kwa ndugu zetu wa Chinongwe.

Mama, nivumilie. Wiki iliyopita nilimwonyesha Neema, dada mmoja wa hapa mjini ambaye kazi yake ni tovuti. Akatazama, akacheka, alipouona uso wangu akaacha.

"Rajabu, huyu si mtu."

"Kumbe nani?"

"Ni programu. Si uliweka mlinzi wa kuangalia kama tovuti iko hewani? Mashine zake ziko Ujerumani. Anagonga, anaona mlango uko wazi, anaondoka."

Kweli nilimweka mwenyewe, nikifuata maelekezo ambayo nusu yake sikuyaelewa. Nimekufurahisha kwa mashine, sasa nikwambie kwa mdomo gani?

Nikataka kuufuta ukurasa. Neema akanishika mkono. "Ujumbe wa watu umeusoma?" Ujumbe gani? Kumbe kile kisanduku cha kuandikia nilichokiweka chini ya picha kilikuwa kinatuma barua pepe, nazo zikawa zinaangukia kwenye kapu la takataka bila mimi kujua. Nyingi ni matangazo ya ovyo. Mmoja hauna jina wala namba. Umeandikwa hivi:

"Huyu mdogo wa mwisho ndiye yule aliyezaliwa jikoni, siku upepo ulipoezua nyumba?"

Nimeusoma mpaka maneno yamepoteza maana. Nimeandika pale pale kwenye ukurasa, "Wewe ni nani?" Neema hawezi kusema umetoka wapi. Labda ni mtu aliyepita Naipingo zamani akasikia hadithi. Labda tapeli, lakini tapeli angeomba kitu, na huyu ameuliza tu akanyamaza. Nikiamini ni kaka naogopa, nikikataa naogopa vilevile. Na jibu mimi sina, maana hakuna aliyewahi kunisimulia nilivyozaliwa.

Majirani usiwaambie neno kwanza. Chumba usikifunge.

Nisalimie dada Somoe anayekusomea, na shemeji mumewe, nawaombea korosho zao zikubali mwaka huu. Nisalimie mjomba Bakari mwenye kibanda cha nguo sokoni Ruangwa, na shangazi Hadija aliyenifundisha kusoma Kurani. Somoe, wewe ukimaliza mwachie mama simu, umwache peke yake.

Mama, nenda nayo shambani ambako hakuna wa kusikiliza, unipigie. Niambie siku ile nilizaliwa wapi, na nani alikuwepo.

Mwanao,
Rajabu