Mipopla Upande wa Kusi

Ijumaa, 9 Februari 1968. Darsait
Nimekanda unga, nimefua, nimempelekea Bwana wangu kahawa. Hakuinywa. Anatazama vijiti tu. Mdogo wake wa Baghdad katuletea matita mawili ya mipopla ya kukinga upepo shambani Mawaleh. Miti chotara, inakua mbio. Aina moja yenda juu, myembamba. Ya pili inatanua matawi mpaka chini. Shamba lenyewe kubwa, miche ya ndimu bado midogo. Maji yanatosha tita moja tu; mie nnataka hiyo ya pili. Mchanga unapita chini, haupiti mawinguni!

Jumatatu, 12 Februari
Kachagua myembamba. Kisa? Ikisimama safu inamkumbusha mikarafuu yake. Nimemwachia. Tangu tutoke Unguja kuja huku ng'ambo sijamwona akicheka, na jana kacheka.

Jumapili, 18 Februari
Tumegombana. Safu yote kaipanda upande wa kusini. Kwetu kusi ndiyo ikituumiza. Lakini jirani wa shamba, Salim, mwenyeji wa hapa, kasema wazi: kiangazi inakuja gharbi, upepo wa jangwani, watoka magharibi, unaunguza. Bwana kawaka. "Miaka yote hii nnapanda karafuu, leo nifunzwe upepo?" Salim kaondoka zake. Aibu nimeiona mie. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Alhamisi, 25 Aprili
Mipopla imenifika kiunoni. Bwana anaipitia mmoja mmoja, anaisemesha. Kanenepa kidogo. Yarabi, niwe nimekosea mie.

Ijumaa, 14 Juni
Gharbi.

Jumamosi, 15 Juni
Bado. Mchanga kwenye meno, kwenye wali, kwenye msala. Bwana anataka kwenda shambani. Nimefunga mlango, ufunguo nimeutia kifuani. Kanitukana. Hajapata kunitukana.

Jumatatu, 17 Juni
Tumekwenda. Mindimu yote imeungua, majani yanavunjika mkononi. Mipopla kule kusini mizima, kijani, haikuguswa hata jani. Lo! Nilitaka kuing'oa kwa mikono yangu. Nna hasira naye, na namwonea huruma, vyote pamoja.

Bwana kakaa chini mchangani. "Upepo wa hapa siujui," kasema. Basi.

Jumatano, 3 Julai
Hatoki chumbani ila kwenda kusali. Nikimwambia tupande tena, ananitazama kama mgeni. Kule mikarafuu alinyang'anywa. Hii ndimu kaipoteza mwenyewe. Ndilo linalomla. Nalia na shuka mdomoni asinisikie.

Jumapili, 20 Oktoba
Joto limepungua. Salim kaja na mkewe, hana kinyongo. Tumepanda mikunazi upande wa magharibi. Mti wa kwao, hauna haraka. Nimeuchagua mwenyewe.

Nimerudi na udongo kwenye kucha. Nimemwambia Bwana tumeshapanda.

"Vyema," kasema.

Hakuuliza mti gani.